Mtoto Asiyeonjewa

Goma, 12 Machi 1957

Kwako mdogo wangu Eugénie,

Nakusalimu kwa wingi kama mvua ya mwezi huu, ambayo imeanza mapema na kutufungia ndani siku ya nne sasa. Mume wangu Harelimana anakusalimu. Wamempa kazi ya kuandika mizigo ya meli bandarini, naye hurudi nyumbani na wino mpaka kwenye viwiko kama mtoto wa darasa la kwanza. Léoncie ametimiza miaka mitano na anamfundisha paka katekisimu. Anasema paka anajua swali la kwanza hadi la tatu, lakini kwenye la nne ni mkaidi. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitatu, na nguvu zipo, tunamshukuru Mungu.

Sasa nikueleze lililonifanya nichukue kalamu. Védaste, mwanangu wa pili, ana miezi kumi na saba. Wewe hujamwona. Ukimwona akinyonya utasema ni mtoto wa tangazo la maziwa ya kopo: mashavu, mikono, kila kitu kimejaa. Lakini alipokuwa na miezi saba nilimpondea ndizi mbivu kidogo, kama tunavyofanya wote, akatapika. Kisha jasho baridi likamtoka, mikono ikatetemeka, na macho yakalegea kama ya mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Nikadhani ni tumbo tu. Wiki iliyofuata nikampa tena, ikawa vilevile.

Basi nilitoa kaye moja ya zamani, daftari la wakati nilipokuwa nikifundisha wasichana, nikaanza kuandika. Nampa chakula kimoja kwa siku tatu bila kukichanganya na kingine, kisha naandika jinsi alivyolala, alivyocheza, alivyokwenda choo. Maziwa ya ng'ombe: vizuri. Uji wa mtama: vizuri. Samaki wa soko la Kituku: vizuri. Birayi, viazi mviringo: vizuri. Viazi vitamu: alitapika. Asali, ncha ya kidole tu: alitetemeka mpaka jioni. Muwa aliopewa na jirani nisipoona: ndiyo siku niliyomwita padri. Nimejaza kurasa ishirini na sita, chache nimekunakilia humu, na kila ukurasa unasema neno lile lile: kila kitamu kinamgeuka mtoto huyu.

Harelimana ananicheka, anasema nimemfanya mtoto kuwa darasa. Lakini mama mkwe hacheki. Unajua mtoto anayeachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake ili asahau kifua cha mama. Baada ya Pasaka Védaste atakwenda kijijini Munigi kwa huyo mama mkwe, bibi yake Nyirarukundo, na huko mtoto aliyeachishwa hutulizwa kwa mutobe, maji ya ndizi mbivu, asubuhi na jioni. Siwezi kuendelea kumnyonyesha, maana wote wanasema maziwa ya mwenye mimba ni maji machafu. Na siwezi kumpeleka.

Wewe umekaa kwenye viti vya université. Waulize wakubwa wako kama wanaujua ugonjwa huu, na uniandikie kabla ya Pasaka.

Ni mimi dada yako,
Dancille


Louvain, 24 Aprili 1957

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Amani ya Pasaka ikae nyumbani mwako. Naona aibu kuandika maneno hayo siku tatu baada ya Pasaka, hali uliniomba nijibu kabla yake. Kosa si la posta peke yake. Mama Mkuu wa masista hapa hufungua barua zetu zote kwanza. Yako ilimshinda kwa kuwa ni ya Kiswahili, akaiweka mezani pake wiki mbili, nadhani akitumaini itajisoma yenyewe. Mwishowe akaniita nimweleze kwa Kifaransa. Nilipofika kwenye zile siku tatu tatu za chakula kimoja, alinizuia kwa mkono.

"Dada yako alisomea wapi?"

Nikamwambia: shule ya misioni, na miaka miwili ya ualimu.

"Hapa," akasema, "nawajua vijana wenye nguo nyeupe ambao hawajapata kufikiri hivyo hata siku moja."

Nimekuletea maneno yake kama yalivyo, kwa sababu ni kweli. Mimi hufundishwa katika chumba chenye mizani na chupa kwamba ukitaka kujua jambo ubadilishe kitu kimoja tu na uache vingine vyote. Wewe umelifanya jikoni, na mtoto mgongoni.

Afya yangu ni njema. Baridi imepungua, na nimeacha kuvaa soksi mbili mbili. Masera wenzangu wananiuliza kama kwetu moto wa mlima wa volkano unaonekana usiku. Nawaambia unaonekana, wanasali.

Juu ya ugonjwa, nitasema kidogo, kwa sababu ninalojua ni kidogo. Nimemuuliza daktari mmoja anayetufundisha, naye hakuwa na jina la kunipa. Anafikiri huenda ni tumbo lisilopenda matunda, na pengine hali hiyo itamwacha mtoto akikua. Mimi sina hakika naye. Huenda umeona kitu ambacho bado hakijaandikwa mahali, na huenda pia ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Usiiache kaye yako.

Jambo moja tu nina hakika nalo. Jasho baridi na kutetemeka ni dalili ya damu iliyopungukiwa sukari. Ikimpata tena, usingoje mtu. Mpe maji ya sukari ya dukani, kijiko baada ya kijiko, mpaka atulie.

Umeandika "mwanangu wa pili". Nimeona. Sisemi neno.

Mdogo wako anayekukumbuka katika kila sala,
Eugénie


Goma, 19 Mei 1957

Eugénie,

Salamu. Léoncie yuko, baba yake yuko, Védaste yuko hai. Naanza na hilo ili usisome kwa hofu.

Barua yako ilifika Ijumaa ya juma lililopita. Kesho yake tulikwenda Munigi. Nilikuwa nimechelewesha mpaka nimeishiwa na visingizio, na Harelimana alisema mama yake ameanza kuuliza kama ana mkwe au ana mlinzi wa gereza. Nilikwenda na uji wangu ndani ya kibuyu na kaye yangu kikapuni. Barua yako ilikuwa katika mfuko wa koti la Harelimana, kwa maana aliipenda mno, akawasomea watu njiani.

Jumapili baada ya misa majirani walikuja kutusalimu. Nyirarukundo akatoa mutobe. Unajua kwetu mwenye nyumba hukionja kwanza kinywaji mbele ya mgeni, ili wote waone hakina sumu. Na kilichoonjwa hakikataliwi. Anayekikataa amemwita mwenyeji mchawi mbele ya watu. Nyirarukundo alinitazama, akanywa funda tatu ndefu, akafuta mdomo.

"Mumeona," akasema. "Nimekunywa. Niko nakufa?"

Watu wakacheka. "Hapana, Mama! Uko hai kuliko sisi!"

"Basi Mama Léoncie asiseme kwangu kuko sumu."

"Mama, sijasema ni sumu," nikamjibu.

"Unasema nini sasa? Mutoto anyonye mupaka aote ndevu? Siku ya ndoa yake utamubeba mugongoni?"

Wakacheka tena, hata mimi nikacheka, Eugénie, kwa heshima. Akamwekea Védaste kibuyu mdomoni. Nilikuwa nimeketi karibu naye, mkono wangu ungefika. Niliijua kaye yangu yote kwa kichwa. Nikanyamaza. Nilimwacha mwanangu anywe ili nisimwaibishe mama wa mume wangu mbele ya majirani sita.

Haikupita nusu saa. Alitapika, akalowa jasho, akawa mzito mikononi kama nguo iliyotoka majini. Watu wakasimama. Mmoja akasema wote wamekunywa kibuyu kimoja, kwa hiyo kilichomkuta mtoto hakikutoka kibuyuni, kimetoka kwa mama yake. Ndipo Harelimana akaitoa barua yako.

"Eugénie ameandika! Haya ni masomo ya Ulaya! Leteni sukari!"

Sukari ikaletwa. Alikuwa ameshashika kijiko. Nikampiga mkono, kijiko kikaruka, na sukari ikamwagika juu ya kitenge cha mama mkwe. Nilimpiga mume wangu mbele ya mama yake. Nikamchukua mtoto nyuma ya nyumba, nikampa ziwa hili wanaloliita maji machafu. Mwanzoni hakuvuta. Nilimkamulia mdomoni tone tone, muda mrefu, mpaka akavuta.

Sasa wanasema nimewatukana watu watatu siku moja: mama mkwe, mume, na dada msomi.

Ulisema umeona nilivyoandika "wa pili". Basi nitaandika mara moja, nisirudie. Viateur, aliyemtangulia Léoncie, alikuwa na miezi kumi na tisa. Wewe ulikuwa likizo kwetu, kabla hujaingia kwa masera. Alikuwa ameanza ndizi. Alipolegea ulisema mtu dhaifu hupewa sukari, na wewe ndiye uliyeshika kijiko, mimi nimeshika kichwa chake. Baada ya kila kijiko alizidi kwenda, mpaka akatutoka. Niliona. Sikuwa na kaye wakati ule, ila macho nilikuwa nayo. Miaka saba sijamwambia mtu, hata baba yake.

Sikuandiki hili ili ulie. Naliandika ili ujue kwa nini nilikipiga kijiko.

Dancille


Goma, 30 Juni 1957

Eugénie,

Hujajibu. Hapa tu wazima. Harelimana anazungumza nami tena. Védaste bado ananyonya, na tumbo langu limekuwa kubwa. Nyirarukundo hajatuma mtu. Kama uliichana barua yangu, umefanya vema. Lakini andika.

D.


Louvain, 4 Agosti 1957

Yaya,

Barua yako sikuichana. Nilizichana zangu. Nilianza nne, na katika kila moja nilijikuta najitetea: kwamba nilikuwa na miaka kumi na saba, kwamba kila mtu husema hivyo, kwamba ilikuwa malaria. Hii ni ya tano, na sitajitetea.

Nilimpa Viateur maji ya sukari. Nakumbuka kikombe chenye mstari wa buluu. Nakumbuka nilijiona mwenye maarifa. Kisha mwaka huu, baada ya vitabu vyote hivi, nilikuandikia jambo lile lile kwa maneno marefu zaidi. Kati ya yote niliyokuambia, moja tu nililitia muhuri wa hakika, nalo ndilo lililokuwa la kumuua mtoto wako. Jambo hili limenifundisha kuliko mtihani wowote.

Nilirudi kwa daktari yule na kurasa zako. Nilizitafsiri zile ulizoninakilia, tarehe kwa tarehe. Alisoma amesimama, kisha akaketi. Siku kumi baadaye aliniita. Alikuwa amepata habari fupi katika gazeti la madaktari, ya mtu mzima mmoja huko ng'ambo ambaye tangu utoto vitu vitamu vilimgeuka, na aliishi kwa kuviepuka. Ameniruhusu nikueleze anavyofikiri, na mimi nakueleza nikiogopa, maana nimeshakosea mara mbili.

Sukari ya dukani ni sukari mbili zilizofungwa pamoja. Moja ni ile damu inayoihitaji. Nyingine ni ile ya matunda, asali na muwa. Kuna watu wachache sana ambao mwili wao haujui kuichoma hii ya pili. Inapoingia hukwama, na ikikwama huifungia njia hata ile ya kwanza. Ndiyo maana alitetemeka kama mwenye njaa huku sukari iko tumboni. Ziwa lako lina sukari ya namna nyingine, isiyo na ile inayokwama. Ulipokwenda nyuma ya nyumba ulimpa dawa pekee iliyokuwapo Munigi siku ile.

Na inatoka wapi? Daktari anadhani huzaliwa nayo. Kila mtoto hupokea urithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Anayepokea kasoro upande mmoja tu haugui kamwe, wala hajui kama anayo. Ni lazima zikutane mbili. Kwa hiyo si mimba yako, si maziwa yako, si ukoo wetu peke yake. Kama ipo, mmeichukua wote wawili, wewe na Harelimana, bila kosa la mtu.

Naandika "kama ipo". Juu ya Viateur sijui. Inawezekana ilikuwa hiyo, inawezekana haikuwa. Kuna siku natamani iwe hiyo, ili angalau kifo chake kiwe na maana, na siku nyingine natamani isiwe. Nadhani hatutajua, na sina haki ya kukuomba unipe jibu ambalo wewe mwenyewe huna. Nakuuliza hili tu: je, unanilaumu? Ukinyamaza nitaelewa.

Juu ya mama mkwe wako, niliwaza sana kile kibuyu. Alikunywa kwa uaminifu, na mtoto akaanguka kwa uaminifu pia. Wote wawili walisema kweli. Desturi yetu ya kuonja inasimama juu ya jambo moja, kwamba kisichonidhuru mimi hakikudhuru wewe. Kwa watu karibu wote ni kweli. Kwa Védaste si kweli. Sijui utamwelezaje, na sitakushauri. Ushauri wangu umekwisha. Daktari anasema tu kwamba ukurasa wowote utakaoongeza, angependa kuusoma.

Mdogo wako,
Eugénie


Goma, 27 Oktoba 1957

Kwako Eugénie, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu za nyumba iliyojaa. Tarehe kumi na nne Septemba nilijifungua msichana, naye ni mzima. Tumembatiza Ernestine. Harelimana amepanda daraja bandarini, sasa ana mtu wa kumshikia wino. Léoncie amemwachisha paka katekisimu, anangoja mdogo wake akue.

Barua yako niliisoma mara tatu, kisha nikamsomea Harelimana. Pale pa kupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe. Kisha akasema, "Kumbe na mimi niko ndani." Sijui kwa nini, lakini tangu siku ile hajanicheka tena juu ya kaye.

Jumamosi iliyofuata, Ernestine angali tumboni, nilipanda Munigi peke yangu na Védaste mgongoni. Nilimkuta Nyirarukundo anaanika mtama. Hakuniambia niketi. Nikaketi chini, nikaifungua kaye, nikasoma kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza. Hajui kusoma, lakini anajua kusikiliza. Nilisoma tarehe, chakula, alivyolala. Nilipofika kwenye asali aliacha kuanika. Nilipofika kwenye siku ya kibuyu nilisoma kama nilivyoandika: "Mama alionja. Mutobe ulikuwa mzuri, hauna kitu. Mimi nilijua kaye inasema nini, nikanyamaza. Kosa ni langu."

"Rudia pale," akasema.

Nikarudia.

"Hauna kitu. Umeandika hivyo kweli? Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, Mama. Siku ile ile."

Akaniuliza kutetemeka kulikuwa kwa namna gani: mikono kwanza au midomo? Nikasema mikono. Jasho likiwa baridi? Baridi. Ndipo akaketi karibu nami juu ya mtama wake mwenyewe, akaukanyaga bila kuona. Aliniambia kwamba kabla ya Harelimana alizaa mvulana mwingine. Alimwachisha ziwa, akampa mutobe, mtoto akafa baada ya siku nne, akitetemeka mikono. Mke wa jirani ndiye aliyekuwa amewapa ndizi za mutobe ule. Ukoo ulimwita mchawi, akafukuzwa na watoto wake, akaenda upande wa Masisi, hawakusikia habari yake tena.

"Nami nilikuwa mbele ya wale waliotupa mawe," akasema. "Alikuwa ameonja, Mama Léoncie. Alionja mbele yangu, na bado nilitupa."

Nilimshika mkono.

Jioni ile alisema nimwachie mtoto, amwachishe yeye. Nikaogopa, sikufichi. Nilimwonyesha kaye tena. Akasema hahitaji karatasi, nimtajie vilivyo vizuri. Nikamtajia: maziwa, uji wa mtama, birayi, samaki. Akavirudia kama tasbihi mpaka akavishika. Nilishuka Goma mgongo ukiwa mtupu, na maziwa yakinitoka njia nzima. Nililia mpaka nilipoona maji ya ziwa na meli bandarini.

Kila Jumapili Harelimana alipanda na kurudi na habari. Jumapili ya kwanza mtoto alikuwa analia. Ya pili alikuwa anafuata ng'ombe. Ya tatu Harelimana alirudi akicheka peke yake. Wageni walikuwa wamekuja, mmoja akamkatia Védaste muwa, akaonja kwanza kwa heshima, akamnyoshea. Nyirarukundo akainuka na fimbo yake. "Huyu haonjewi!" akapiga kelele. "Mutu akitaka kumupa kitu, aniulize mimi. Na asiyetaka kuniuliza, njia ni ile!" Mgeni akasema kwa hofu, "Mama, ni muwa tu." Akajibiwa, "Basi kula wewe, meno yako yangali mengi." Sasa Munigi yote inajua, hata watoto wanaochunga. Mimi na kaye yangu tusingeweza kumlinda hivyo hata kwa miaka kumi.

Uliniuliza kama nakulaumu. Sukari ile ilikuwa yangu, niliichota mimi, niliikoroga mimi, nikakupa kijiko ili mikono yangu ishike kichwa chake. Kama kuna lawama, tuigawane nusu kwa nusu, kama ule urithi wenu. Lakini sidhani ipo. Sasa tumwandike jina lake bila kuogopa: Viateur ndiye wa kwanza, Léoncie ndiye wa pili, Védaste wa tatu, Ernestine wa nne. Mwambie daktari wako nitamtumia kurasa. Mwambie pia kwamba za Munigi ameniandikisha mama mkwe kwa mdomo, naye hasahau siku hata moja.

Alhamisi iliyopita Nyirarukundo alishuka mwenyewe kumrudisha mtoto, kwa miguu, amembeba, yeye ambaye hajakanyaga Goma tangu harusi yetu. Nilikuwa nimeketi namnyonyesha Ernestine. Nilikuwa nimeiogopa saa hiyo: kwamba akiona kifua atakirudia, tuanze upya. Védaste aliwekwa chini. Amekuwa mrefu, miguu imekauka na kukaza. Alikuja mpaka magotini pangu, akanitazama, akamtazama mtoto anavyovuta. Alitazama kwa muda mrefu.

Kisha akamgeukia bibi yake, akamvuta kitenge, akamwomba uji.

Dada yako,
Dancille